Mtoto wa Kwenye Bango

Wewe uliyekaa hapo, fikiri hiki: anakuuliza, hangoji, kisha anaondoka na jibu ambalo hukumpa. Nani huyo?

Usiniambie mwizi. Mwizi haulizi. Wala usiniambie mchumba, najua akili zenu zinakokimbilia. Fikiri taratibu. Mimi jibu lake lilinikaa kifuani kwa muda mrefu, linanichoma kama uji wa moto uliomezwa kwa pupa. Leo nakusimulia jinsi lilivyotoka, na nasimulia kwa hasira, kwa hiyo usinikatize kuniambia bibi tulia. Nimeshaambiwa na wengi. Sikutulia.

Nyumba yetu iko mwisho wa mtaa wa mafundi magari, pale ambapo nyundo zinaanza kulia asubuhi na hazikomi mpaka wenyewe wachoke. Ukuta wa nje umepakwa kijani nusu, rangi iliishia hapo. Ndani ni vyumba viwili na jiko la nyuma, na sakafu yote ni mikeka, ukuta hadi ukuta, ndiyo maana watu wanaiita Nyumba ya Mikeka. Viatu vinabaki mlangoni. Uwe daktari, uwe mheshimiwa, viatu mlangoni, kwa sababu pale chini ndipo watoto wetu wanapoishi. Mashavu yao yako pale.

Ni watoto ambao miili yao haiwatii. Huyu hawezi kukaa, yule hawezi kushika, mwingine ukimweka hapa unamkuta hapa hapa. Mama zao wanakwenda kazini, na sisi mabibi, tuliokwisha kulea wetu tukadhani tumepumzika, ndio tunaokaa nao.

Mjukuu wangu ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Alipozaliwa alichelewa kulia, na tangu hapo mwili wake una mambo yake: mikono inakwenda isikotumwa, miguu imekaza kama mkasi, shingo inayumba. Lakini akili iko pale, kali kama wembe mpya. Sasa ni msichana mkubwa, anaanza kuchagua nguo. Mimi namwita Mke Mwenza, maana marehemu babu yake alikuwa akirudi nyumbani anamsalimia yeye kwanza, anamwuliza ameshindaje, anamchekesha, ndipo anakumbuka kwamba na mimi nipo. Nilimwonea wivu mpaka tukawa marafiki.

Akitaka kusema, anasema. Neno linatoka moja, halafu pumzi, halafu jingine, na katikati uso unajikunja na mate yanamtoka. Asiyemjua anadhani amemaliza, au hajaanza. Anayemjua anangoja. Na kichwa chake usikifuate, kinatikisika kikitaka chenyewe, hata akiwa amekataa kitu, kichwa kinaweza kukubali. Fuata mdomo. Ngoja mdomo. Dawa nyingine hakuna.

Sasa Mfuko. Hasira yangu isinifanye mwongo: Mfuko wa Jamii ulitusaidia. Ni mfuko wa watu wa mji huu wenyewe. Wenye maduka wanatia, walimu wanatia, waliohamia mbali wanatuma, kisha vikundi vidogo kama sisi vinaomba ruzuku. Ruzuku yetu ya kwanza ndiyo iliyonunua hii mikeka mizito, ikamlipa mtaalamu wa viungo akaja kutufundisha kunyoosha mguu uliokaza bila kumuumiza mtoto. Sisi ambao shule tuliishia ile ya msingi, tukafundishwa, tukaweza.

Na Mfuko una jambo ambalo sijaliona kwingine. Mara kwa mara wanaviita vikundi vyote kwenye ukumbi wao, na hamwendi na ripoti ya kujisifu. Mnakwenda na swali. Swali moja ambalo limewashinda, mnaliandika kwa herufi kubwa, mnalibandika ukutani, na mwenye jibu anasimama. Kanuni yao ni kwamba swali likishabandikwa halirukwi. Ama lijibiwe, ama ukumbi mzima useme hatujui. Na aliyelibandika ndiye anayesema limejibiwa, si Mkurugenzi wala nani.

Mara ya kwanza sisi tulibandika habari ya viti. Viti vya hospitali ni vikubwa, watoto wanateleza mpaka chini, tufanyeje? Vijana wa kikundi cha useremala wakacheka. "Bibi, mbao za nini? Leteni maboksi." Wakatufundisha kugandisha maboksi kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikatoka kiti cha kunibeba hata mimi na mwili wangu huu. Siku hiyo hiyo kikundi cha wanaotunza wazee kikauliza namna ya kumlisha mtu anayepaliwa. Mwenzetu Bi Mikono akasimama akawaonyesha: mkalishe wima, kidevu kishuke, kijiko kidogo, ngoja ameze. Watu wazima na miwani yao wakawa wanaandika. Tulirudi nyumbani vifua mbele.

Kwa hiyo usidhani nauchukia ukumbi ule. Ningekuwa nauchukia nisingeumia hivi.

Bi Mikono ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Jina hilo amepewa na akina mama, kwa sababu mtoto anayelia kwa kila mtu, akishikwa na mikono ile ananyamaza. Mtaalamu alitufundisha sote, lakini yeye ndiye aliyeshika. Mguu ambao mimi nitauhangaikia mpaka jasho linitoke, yeye anaimba kidogo, anasugua, mguu unalegea.

Ubaya ulianza tulipofanywa mfano.

Mkurugenzi wa Mfuko ni mama mchangamfu, sauti tamu, na watoto walimpa jina la Mama Asanteni kwa sababu maneno yake yote yanaanzia hapo na kuishia hapo. Aliipenda kazi yetu, akaanza kuleta watu waje wajifunze. Kikundi cha kwanza tulikifurahia. Cha pili pia. Halafu ikawa kila ukigeuka gari limesimama nje. Wageni wakija, waliolala wanaamshwa. Wageni wakija, mazoezi yaliyokwisha yanaanza upya ili waone. Mtoto mmoja wetu akafika mahali akisikia gari limezima mlangoni anaanza kupiga makofi peke yake. Wenzangu wanacheka. Mimi sikucheka.

Siku ninayoisema walikuja wengi, na mpiga picha juu yake. Mimi nilikuwa jikoni nahangaika na chai yao. Bi Mikono alikuwa ameshamsimamisha Mke Mwenza kwenye kifaa cha kusimamia, amemfungua, amemlaza kwenye mkeka apumzike, yeye kaenda uani kumbadilisha mtoto mwingine. Natoka na sinia, naona migongo imemzunguka mjukuu wangu. Katikati ya migongo nikasikia ile sauti tamu:

"Mrembo, hebu tuambie, unapenda nini hapa kuliko vyote?"

Nikamsikia Mke Mwenza anaanza, ile "u" yake ndefu ya kulivuta neno. Kamera ikalia, ikalia tena.

"Asante sana, mrembo! Asanteni!"

Na migongo ikahamia chumba cha pili kutazama viti vya maboksi. Neno lilikuwa bado liko njiani, mwenye swali ameshaondoka.

Nilimkuta uso umelowa. Nikadhani mate, nikamfuta. Vurugu tupu siku ile: watoto walioamshwa wanalia, viatu hawakuvua eti ratiba imebana, chai yangu wakainywa nusu wakaiacha kwenye dirisha. Nikabaki kunung'unika na vikombe.

Jioni binti yangu, mama yake Mke Mwenza, anayekaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anamwogesha mwanawe. Akaniita kwa sauti iliyonifanya niangushe mwiko. Vidole vya mkono wa kushoto vya mtoto vimevimba, kucha moja imegeuka nyeusi.

"Kile kifaa kimembana," akasema. "Nani alimsimamisha leo?"

"Bi Mikono. Lakini Bi Mikono hawezi..."

"Mama, usinitetee mtu! Nauliza nani alimsimamisha."

Mke Mwenza alikuwa anataka kusema. Uso umejikunja, neno linakuja. Mama yake, kwa uchungu wa mzazi, akamshika mashavu. "Ni Bi Mikono? Mwanangu, ni yeye?" Na kichwa kile nilichokwambia usikifuate kikatikisika juu na chini.

"Umeona? Amekubali."

"Mngoje aseme."

"Nimngoje mpaka vidole vikatike?"

Asubuhi akapitia Nyumba ya Mikeka kabla ya kazi, akampa Bi Mikono vidonge vyake mbele ya akina mama waliokuwa wanaleta watoto. Alimwita mzembe. Alimwambia mikono imezeeka, apumzike. Bi Mikono alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akavaa viatu mlangoni.

"Siku mtoto mwenyewe akitamka kwamba ni mimi, nitakuja kupiga magoti," akasema. "Mpaka siku hiyo msinitafute."

Nilimtafuta. Mara ya kwanza alinifungulia mlango akanipa maji, akasema hodi nyingine kama hiyo asingeiitikia. Mara ya pili hakufungua.

Na nyumba ikaanza kwenda kombo. Tulijitahidi, lakini miguu ya watoto inajua. Ilianza kukaza. Kijana mmoja aliyekuwa ameanza kukaa mwenyewe akawa anaangukia ubavu. Mama mmoja akaja kumchukua wake, akaniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi: "Bibi, kama huku vidole vinavunjwa na mazoezi hakuna, si bora akae kwa jirani?" Ukitaka kujua nilikuwa nahofia nini, ni hicho. Bila mikono ile, ile nyumba ingebaki mikeka tu.

Sasa sikiliza bango.

Nilikuwa nampeleka Mke Mwenza kliniki, namsukuma kwenye kiti chake, tunapita njia panda ya ukumbi wa Mfuko. Muuza magazeti akapiga kelele: "Bibi! Huyu si wako? Amekuwa staa!" Nikainua macho. Bango kubwa kuliko mlango wa gereji, na uso wa mjukuu wangu umelijaza lote. Mdomo wazi, meno yote nje, macho yamefumbwa. Chini yake wameandika, na alama za kuonyesha kwamba ni maneno ya mtu: "Hapa ndipo nilipopata tabasamu langu."

Nilisoma mara mbili. Kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini kusoma najua.

Mimi nimemlea mtoto huyu. Akicheka, macho yake yanafunguka wazi kama mtu aliyeitwa ghafla. Haya yalikuwa yamefumbwa. Na hajawahi kusema maneno yale. Sentensi ile ingemchukua muda wa chungu cha maharage kuiva, na ningeikumbuka. Wamemlisha maneno! Mtoto ambaye kila neno analitoa kwa jasho, ambaye hapotezi hata moja, wao wamekaa ofisini na feni inazunguka, wakamtungia. 

"Mke mwenzangu," nikamwambia, nikainama usawa wa uso wake. "Siku ile ulikuwa unasema nini?"

Alilitazama bango. Nikangoja. Watu wanatupita, mwenye mkokoteni anatupigia mluzi tusogee, nikangoja.

"Kwa... ke," akasema.

"Kwake nani?"

"Yeye. Nita... mwambia... yeye."

Na hapo akafunga mdomo. Nyumbani hakusema tena. Si kwamba hawezi, alikataa. Mama yake alimbembeleza na nguo mpya, akakataa. Mimi nilimtegea vitendawili, vile anavyovipenda, akanitazama tu, kama kunambia bibi usinipotezee muda. Nilimwelewa. Hata mimi nisingetaka kutoa neno jingine kama lililopita limeibwa nikawekewa la bandia mbele ya mji mzima.

Nilikwenda ofisini kwa Mfuko. Kijana wa mapokezi akaniambia kwa adabu niandike maoni nitumbukize kwenye sanduku. Nikamwambia maoni yangu hayaenei kwenye tundu lile.

Kwenye kikao chetu cha mabibi nikasema kikao kijacho cha ukumbini swali ninalo. Mweka Hazina wetu, mama mwenye hesabu zake safi na moyo wa kuku, akaruka.

"Mwenzangu, usituharibie. Ruzuku mpya inajadiliwa mwezi huu huu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukimuudhi yule mama, mwakani tunakalia sakafu. Bango lina ubaya gani? Mtoto katoka vizuri."

"Katoka vizuri wapi? Wewe ukibanwa na mlango, nikikupiga picha, utatoka vizuri?"

"Mambo ya mlango yametokea wapi? Mtoto anacheka!"

"Hachekiii!" nikapiga kelele mpaka watoto wakaamka. "Wewe umekaa naye miaka yote hii, na wewe hujui akicheka anafananaje?"

Nilimwona anafikiri. Lakini aliponyanyuka aliniambia, "Mimi sitakaa karibu na wewe siku hiyo," na kweli, siku ya kikao alikaa safu ya nyuma kabisa, mkoba kifuani.

Ukumbi ulijaa. Maseremala wapo, wa kutunza wazee wapo, wafuga nyuki wapo, wale wa kufundisha watu wazima kusoma wapo. Bi Mikono pia alikuwepo. Kikundi cha wazee kilimwomba aje awaongezee mafunzo ya kulisha. Alikaa upande wa pili, akaniona, akageuza shingo. Binti yangu aliomba ruhusa kazini akatusaidia na ngazi. Alipomwona Bi Mikono na yeye akageuza shingo. Nikajikuta katikati ya shingo mbili zilizogeuka, na mbele yangu, ukutani, wamelitundika lile bango tena, jingine, jipya.

Mama Asanteni akafungua kikao. Akatushukuru, akatushukuru tena, akaonyesha bango kwa mkono. "Na huyu malaika wetu ametufundisha sote maana ya tabasamu." Makofi. Mke Mwenza kwenye kiti chake hakutikisa hata jicho.

Zamu yetu ilipofika nikaenda ukutani mwenyewe. Nilikuwa nimeandika nyumbani, kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa. Nikalibandika swali langu chini kidogo ya bango: MTOTO HUYU ALISEMA NINI?

Vikatoka vicheko vidogo vya watu wasiojua wacheke au wasicheke.

"Bibi," Mama Asanteni akatabasamu, "si imeandikwa hapo juu?"

"Hiyo mmeandika ninyi. Mimi nauliza alisema nini yeye."

Akamgeukia kijana wake wa habari. Kijana akasimama, akarekebisha kola. "Tulichofanya, bibi, ni kuchukua hisia ya picha. Ule ujumbe wa jumla."

"Hisia ya nani?"

"Ya... ya mtoto."

"Ulimwuliza?"

"Aliulizwa."

"Akajibu?"

Kijana akamtazama bosi wake. Bosi akatazama saa. "Bibi yetu, nakuelewa kabisa, na asante kwa kulileta. Naahidi baada ya kikao tutakaa pembeni, mimi na wewe na mrembo, tuongee vizuri. Ratiba imetubana."

Hapo damu ikanipanda mpaka masikioni. Ratiba! Neno lile lile la siku ile.

"Hatukai pembeni," nikasema. "Ametundikwa hadharani, ajibu hadharani. Swali likibandikwa halirukwi. Kanuni ni yenu, sikuitunga mimi. Tulipouliza viti, mlingoja. Tulipouliza kulisha, mlingoja. Leo anaulizwa mtoto, ndio ratiba imebana? Mnatuita tuje tufundishane, mnatuambia swali ni mali, halafu mnauliza la kwenu mnakimbia na jibu la kubuni! Na maneno yale mkayaweka njia panda, muuza magazeti ayasome, na wale watakaowapa fedha wayasome, na mwenyewe asomewe awe ananyamaza tu. Kama mlikuwa hamna nafasi ya kumsikia, mngeacha kuuliza!"

"Mama, basi," nikamsikia binti yangu ananong'ona. Sikukoma.

Seremala mmoja, yule aliyetucheka habari ya mbao, akasema kutoka nyuma, "Kanuni ni kanuni." Mwingine akasema, "Ni kweli, halirukwi." Mzee wa nyuki akagonga sakafu kwa fimbo yake. Na sauti ambayo sikuitegemea kabisa, nyembamba, ya mtu anayeshikilia mkoba kwa mikono miwili: "Aulizwe mtoto." Mweka Hazina wangu. Moyo wa kuku ulikuwa umetaga kitu siku hiyo.

Basi Mama Asanteni akashuka jukwaani. Akavuta kiti, nikamwambia hapana, akae usawa wa macho yake, akasogeza kiti kifupi cha maboksi kilicholetwa kwa maonyesho, akakaa. Magoti yamemjia kifuani. Nikamsukuma Mke Mwenza mpaka mbele yake.

"Muulize lile lile," nikamwambia. "Usibadilishe."

"Siku ile..." akasafisha koo. "Siku ile nilikuuliza unapenda nini hapa kuliko vyote. Ulinijibu nini, mrembo?"

Mke Mwenza akamtazama. Uso ukaanza kujikunja, shingo ikavuta, mkono wa kulia ukarukia hewani ukarudi. Mate yakashuka. Binti yangu akataka kuja na kitambaa, nikamzuia kwa mkono. Ukumbi mzima nikausikia unapumua.

"U..." akasema. "U... u..."

"Upendo!" Mama Asanteni akaruka na kiti chake, macho yamejaa machozi ya kweli, Mungu ananiona. "Anasema upendo! Jamani, anasema upendo!"

Na ukumbi, watu wazima, watu wema, wakapiga makofi.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Babu yake aliyeko kaburini lazima aliisikia. "NGOJENI!" Makofi yakakatika kama bomba lililofungwa. "Hajamaliza! Mnampigia makofi nani? Ninyi wenyewe? Nani kawaambia amemaliza? Kaa chini, mama. Kaa! Funika huo mdomo kwa mkono kama hauwezi kukaa wenyewe. Ukimrukia tena, naapa tutalala humu."

Akakaa. Aliweka mkono mdomoni kweli, kama mtoto aliyekatazwa kucheka darasani. Alikuwa amebadilika rangi. Kijana wa habari alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikampigia magoti mjukuu wangu. Macho yalikuwa yanawaka. Usifikiri alikuwa anaogopa. Mtoto yule alikuwa na hasira kuliko mimi, na mimi nilikuwa na hasira ya kutosha mtaa mzima.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "anza upya. Hakuna anayeondoka."

Akafumba macho, akayafungua. Akavuta pumzi. Nje muuza barafu alipita na kengele yake, akapotelea mbali, na kimya kikarudi kikakaa. Mtu alikohoa, akatazamwa na wote. Bi Mikono alikuwa amesimama, sijui tangu saa ngapi, ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake. Midomo yake ilikuwa inajisogeza pamoja na ya mtoto, bila sauti, kama anavyofanya akimnyoosha mguu.

"Ume..." akasema Mke Mwenza.

Mkurugenzi akabonyeza mkono mdomoni.

"Umeni..."

Pumzi. Mate. Mkono wa kushoto, ule wa kucha nyeusi, ukaanza kupanda kutoka mapajani. Safari hii ulikwenda kule ulikotumwa. Ulipanda polepole mpaka ukasimama usoni kwa Mama Asanteni, vidole vimetanuka, na binti yangu nyuma yangu akatoa mlio mdogo kama mtu aliyeunguzwa.

"Umenikanyaga," akasema mjukuu wangu. "Vidole." Akameza mate, akavuta pumzi nyingine, na sote tukangoja, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza. "Nilisema... toa mguu."